Mgandamizo wa hewa na mhimili wa Dunia unaoyumba: namba zisipokubaliana, tafuta hapa

Mhimili wa Dunia hautulii. Pale unapotokeza kwenye uso wa Dunia, huko Aktiki, panapoitwa ncha, pana tabia ya kutembea kwa mduara mdogo: kuna miaka mduara huo unafikia upana wa mita 15 hivi, na kuna miezi unasinyaa hadi chini ya mita moja. Mmoja wa wasukumaji wakubwa wa safari hiyo ni hewa hii tunayoivuta. Mgandamizo wa hewa ukipanda juu ya Siberia, maana yake hewa nyingi imekwenda kulala huko. Uzito umehama, na Dunia ambayo haiachi kuzunguka inalazimika kutafuta mizani mpya.

Vijana wa fizikia na wa upimaji ardhi hapa Dar es Salaam wanaweza kulichunguza jambo hili bila kununua chochote. Baadhi ya simu zina baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa, ndani yake. Jedwali linaloonyesha mahali ilipo ncha, siku kwa siku tangu 1962, hutolewa bure na IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa Dunia. Basi mtu anachukua namba za huku na za kule, anazichora pamoja, na hazifanani hata kidogo. Wengi huishia hapo wakiamini kwamba jambo lenyewe ni la watu wenye mitambo mikubwa. Si kweli. Karibu kila mara hitilafu iko mahali panapojulikana, na inarekebishika. Nimezipanga dalili kwa mfuatano ambao kwa kawaida hujitokeza, kuanzia zile za simu mkononi hadi zile za mtu aliyekwisha kupakua data ya dunia nzima.

Rekodi isiyo na hitilafu inafananaje

Fungua jedwali la IERS liitwalo C04. Kuna safu ya x na safu ya y, zote kwa sekunde za tao. Sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600, na sehemu moja ya elfu ya sekunde hiyo, yaani milisekunde ya tao, ni sawa na sentimita 3.1 hivi juu ya ardhi. Chora x dhidi ya y kwa miaka 6 au 7 na utaona ncha ikizunguka kuelekea mashariki, upande uleule Dunia inakozungukia, katika mduara unaopanuka, unaosinyaa, kisha unapanuka tena.

Ndani ya mchoro huo mmoja mna mizunguko miwili. Wa kwanza huchukua mwaka mmoja, na nusu kipenyo chake ni mita 3 hivi. Wa pili huchukua siku 433 hivi, unaitwa mzunguko wa Chandler, na wenyewe hubadilika sana: kuna miongo ulifika mita 6. Kwa kuwa siku 365 na siku 433 hazilingani, mizunguko hii hukutana na kupishana. Ikienda pamoja mduara unapanuka, ikipingana mduara unasinyaa, na kutoka mkutano mmoja hadi mwingine ni miaka 6.4.

Hewa ina mkono katika yote miwili. Katika ule wa mwaka ndiyo msukumaji mkuu. Katika ule wa Chandler inashirikiana na bahari, na hapo pana habari ndefu nitakayoifikia.

Dalili: mgandamizo wa simu yako unapanda na kushuka mara mbili kila siku

Iache simu mezani, iwe Sinza au Mbagala, irekodi siku kadhaa. Utaona vilele viwili kwa siku, saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na mabonde mawili, saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti kati ya kilele na bonde ni hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 2 hadi 4. Hiyo haihusiani na ncha. Ni angahewa yenyewe inajaa na kupwa kwa sababu jua linaipasha joto ozoni iliyo juu na mvuke wa maji ulio chini, na wimbi hilo ni kubwa zaidi kwetu tulio karibu na ikweta kuliko kwa watu wa kaskazini ya mbali. Chukua wastani wa saa 24 kamili na litatoweka. Siku yako ianze na kuisha kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, ambazo ndizo za jedwali la IERS. Sisi tuko saa 3 mbele.

Kama badala ya mawimbi unaona miruko ya ghafla, umeisogeza simu. Karibu na usawa wa bahari, kupanda mita 8 tu kunashusha mgandamizo kwa hektopaskali 1. Anayepanda ghorofa ya kumi Kariakoo ameshapoteza hektopaskali 4 bila hali ya hewa kubadilika, na simu iliyo mfukoni ndani ya daladala ya Kimara inarekodi vilima vya Morogoro Road. Iweke mahali pamoja na isitoke.

Dalili: umesafisha data ya mwaka mzima ya Dar, na bado haifanani na ncha

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo panapofundisha zaidi. Data yako ni nzuri. Mgandamizo wa Dar hushuka kidogo wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na kupanda kidogo wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Mabadiliko ya msimu umeyapata sawasawa. Tatizo ni kwamba ncha haiisikii Dar ila kwa mbali mno, kwa sababu tatu zinazojengana.

Sababu ya kwanza ni latitudo. Chukua pia ya mtoto, iliyosawazishwa vizuri, uibandike donge la udongo. Ukilibandika nchani kabisa, pia itaendelea kuzunguka imesimama. Ukiuzungushia udongo kiunoni, vilevile. Lakini libandike begani, kati ya ncha na kiuno, na pia itaanza kuyumba, kwa sababu mhimili wa uzito wake umeinama kutoka kwenye mhimili inaozungukia. Bega la Dunia liko kwenye latitudo 45, kaskazini na kusini. Kwa hesabu, kila kilo ya hewa inazidishwa kwa sini na kosini ya latitudo yake, na zao hilo ni sifuri kwenye ikweta, sifuri kwenye ncha, na kubwa kabisa kwenye digrii 45. Dar iko digrii 6 na dakika 48 kusini. Hektopaskali 1 hapa ina nguvu ya asilimia 24 hivi ya hektopaskali hiyohiyo kwenye digrii 45. Novosibirsk, kwenye digrii 55, ina asilimia 94.

Sababu ya pili ni bahari. Mgandamizo ukipanda juu ya bahari kwa hektopaskali 1, na ukikaa siku kadhaa, uso wa maji unashuka sentimita 1 hivi: maji yanasogea kando na kuipisha hewa. Uzito ulioongezwa na hewa umepunguzwa na maji yaliyoondoka, na sakafu ya bahari haioni tofauti. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya Bahari ya Hindi, hata iwe nzito kiasi gani, karibu haina sauti mbele ya mhimili. Nchi kavu haina pa kukimbilia. Ndiyo maana mabara makubwa ya kaskazini ndiyo yenye neno, na Dar, mji wa pwani, uko mpakani mwa sehemu inayosikika na ile iliyonyamaza.

Sababu ya tatu ni longitudo. Uzito ulioongezeka upande mmoja wa Dunia hufutwa na uzito wa namna hiyo upande wa pili wenye latitudo ileile. Kanda nzima ya latitudo 45 ikipandisha mgandamizo kwa usawa kuizunguka Dunia, ncha haitikisiki. Kinachohesabiwa ni kutolingana.

Ukiziweka pamoja sababu hizo tatu, utaelewa kwa nini Siberia inatawala. Januari, hewa baridi na nzito hurundikana katikati ya Asia hadi wastani wa mgandamizo, ukihesabiwa kwa usawa wa bahari, unafika hektopaskali 1,035 hivi. Julai, eneo hilohilo na la kusini yake limepashwa joto, hewa imepanda na kuondoka, na mgandamizo umeshuka kwa makumi ya hektopaskali. Ni bara kavu, ni kubwa, liko begani mwa Dunia, na upande wa pili wa Dunia hakuna bara la kulifidia kwa kiasi hicho. Huo ndio moyo wa mzunguko wa mwaka.

Na usidhani hektopaskali moja ni kitu kidogo. Ni kilo 10 na ushei za hewa juu ya kila mita ya mraba. Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393. Mgandamizo ukipanda hektopaskali 1 juu ya mkoa mzima, zimeongezeka tani milioni 14 za hewa, na wewe uliyesimama Posta hukuhisi chochote. Sasa zidisha hiyo kwa hektopaskali 20 na kwa eneo la Siberia.

Tiba, basi, si kununua baromita bora. Tiba ni kutumia mgandamizo wa dunia nzima, ukauzidisha kwa latitudo na longitudo kama nilivyoeleza. Data hiyo ni bure pia. ERA5, hifadhi ya data inayotolewa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ina mgandamizo wa kila saa kwa kila sehemu ya Dunia tangu 1940.

Dalili: umetumia data ya dunia, na Tibet inameza kila kitu

Umechukua mgandamizo usio sahihi. Vituo vya hali ya hewa huandika namna mbili. Kuna mgandamizo uliopo hasa juu ya ardhi, na kuna ule uliokokotolewa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ambao hutumika kwenye ramani za utabiri ili Arusha na Tanga zilinganishwe bila milima kuingilia. Huo wa pili ni mzuri kwa utabiri na ni sumu kwa kazi hii, kwa sababu unahesabu hewa ya kubuni, hewa ambayo ingekuwapo kama mlima usingekuwapo. Mhimili unasukumwa na hewa iliyopo kweli. Kwenye ERA5 chagua mgandamizo wa uso wa ardhi, na kumbuka kwamba namba zake ziko kwa paskali, si hektopaskali, kwa hiyo gawanya kwa 100. Baada ya hapo toa wastani wa muda mrefu wa kila sehemu, ubaki na mabadiliko peke yake. Juu ya bahari weka namba moja, wastani wa bahari zote wa siku hiyo, kama nilivyosema kuhusu maji kuipisha hewa.

Dalili: x inakubaliana vizuri, y imepinduka

Ni alama tu. Kwenye jedwali la IERS, x huelekea upande wa Greenwich, na y huelekea longitudo 90 magharibi. Wanaokokotoa msukumo wa hewa hutumia mhimili wa pili unaoelekea longitudo 90 mashariki. Geuza alama ya y. Naiweka hapa kwa maneno machache lakini tafadhali iangalie kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Dalili: alama ni sahihi, uzito ni sahihi, na bado michoro miwili haifuatani

Unalinganisha vitu viwili vya jinsi tofauti. Mgandamizo wa leo ni msukumo. Mahali ilipo ncha leo ni matokeo ya misukumo yote iliyopita, ya wiki jana na ya mwaka jana, kila mmoja ukiwa umekwisha kuzungushwa kwa kiasi fulani tangu ulipotokea. Hakuna sababu ya kutegemea kwamba siku ambayo hewa ya Siberia ni nzito kuliko zote ndiyo siku ncha itakuwa mbali kuliko siku zote.

Njia ya kutoka ni kugeuza safari ya ncha kuwa msukumo uliohitajika kuifanya itembee hivyo. Kanuni yake inaingia kwenye Excel bila shida. Gawanya 433 kwa mara mbili ya pai, upate siku 68.9. Kisha:

msukumo wa kwanza = x + 68.9 × (mabadiliko ya y kwa siku)
msukumo wa pili = −y + 68.9 × (mabadiliko ya x kwa siku)

Alama ya y imeshageuzwa ndani ya mistari hiyo, kwa hiyo ingiza y ya IERS kama ilivyo. Jaribu kanuni kwanza kwa mduara safi wa siku 433 ulioutengeneza mwenyewe, x ikiwa kosini na y ikiwa sini yenye alama ya kutoa: majibu yote mawili yatatoka sifuri. Na ndivyo inavyopasa, kwa sababu mduara huo ni ule ambao Dunia huzunguka yenyewe bila kusukumwa na mtu. Kinachobaki juu ya sifuri katika data halisi ndicho kilichosukumwa. Hicho ndicho cha kulinganisha na hewa.

Angalizo moja la kazi: mabadiliko ya siku kwa siku hukuza kelele ya vipimo. Chukua wastani wa siku 5 au 7 kabla ya kukokotoa mabadiliko hayo.

Dalili: hewa inaeleza mzunguko wa mwaka lakini haitoshi kwa ule wa Chandler

Karibu. Umefika kwenye swali lililowasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1765 Leonhard Euler alionyesha kwa hesabu kwamba Dunia, kama ingekuwa gumu isiyobonyea, ingeyumba yenyewe kwa kipindi cha siku 305. Watu waliutafuta mzunguko wa siku 305 kwa zaidi ya miaka 100 bila kuuona. Kisha Karl Friedrich Küstner alipima latitudo ya Berlin na kutangaza mwaka 1888 kwamba inabadilika, na mwaka 1891 Seth Carlo Chandler, Mmarekani, akatangaza kipindi chenyewe: siku 427, karibu miezi 14. Simon Newcomb akatoa sababu ya tofauti. Dunia hubonyea na bahari zake husogea, na ulegevu huo hurefusha kipindi. Mwaka 1899 vikaanza vituo vya kupima ncha vilivyopangwa vyote kwenye latitudo moja, digrii 39 na dakika 8 kaskazini, kuanzia Mizusawa huko Japani hadi Carloforte huko Italia na Ukiah huko Marekani, ili vitazame nyota zilezile.

Lakini Dunia inayobonyea hupoteza nguvu. Bila kusukumwa, mzunguko wa Chandler ungefifia ndani ya miongo michache. Umepimwa kwa zaidi ya miaka 130 na bado upo. Nani anausukuma? Matetemeko ya ardhi yalishukiwa sana, na yakaonekana ni madogo mno. Lile la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lililoleta tsunami hadi fukwe zetu, lilikokotolewa kuhamisha mhimili wa uzito kwa sentimita 2.5 hivi. Linganisha na mita kadhaa za mzunguko wenyewe.

Mwaka 2000 Richard Gross, wa maabara ya JPL huko California, alichapisha hesabu za miaka ya 1985 hadi 1996. Alikuta kwamba msukumo ulitoka hasa kwenye mabadiliko ya mgandamizo sakafuni mwa bahari, theluthi mbili, na mgandamizo wa hewa ukachangia theluthi iliyobaki. Maji ya bahari hubadilisha uzito wake sakafuni kwa sababu ya joto, chumvi na pepo zinazoyasukuma. Kwa hiyo hata sehemu ya bahari ina hewa nyuma yake: upepo huvuma, maji yakarundikana upande mmoja, sakafu ikabeba zaidi. Mgao wa bahari na hewa hubadilika kutegemea miaka unayochagua, na mimi nisingemlaumu mtu aliyepata mgao tofauti kidogo kwa miaka mingine.

Kwa hiyo hesabu yako isipotosha kwa Chandler, haina kasoro. Imekwambia ukweli. Ongeza data ya bahari. Kituo cha GFZ huko Potsdam hutoa misukumo ya hewa, ya bahari na ya maji ya nchi kavu ikiwa tayari imekokotolewa, na ni vizuri kuzilinganisha na zako hata kama unapenda kufanya kila kitu kwa mkono.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu nguvu ya msukumo huu. Angahewa yote ni chini ya sehemu moja ya milioni ya uzito wa Dunia. Inawezaje? Kwa sababu mhimili hushikiliwa na uvimbe wa ikweta peke yake, ambao ni tofauti ya moja kwa 305 hivi tu, na kwa sababu misukumo inayokuja kwa mwendo wa karibu siku 433 hulimbikizana. Hewa haihitaji kuwa na mdundo wa siku 433. Inatosha iwe na mchafuko wa kila namna, na Dunia itachagua ndani yake ule unaoafikiana nayo.

Dalili: mzunguko umetoweka

Angalia tarehe. Ukiwa kwenye sehemu ile ya miaka 6.4 ambapo mizunguko miwili inapingana, mduara unasinyaa na hakuna tatizo. Lakini kama umetenganisha mizunguko na wa Chandler peke yake ndio umepungua, hilo nalo limetokea kweli: ulidhoofika sana mwishoni mwa miaka ya 1920, na ukadhoofika tena kuanzia katikati ya miaka ya 2010 hadi ukawa mdogo mno kufikia 2020 hivi. Usilazimishe data yako irudi kwenye mita 6 za vitabuni.

Dalili: mduara haurudi pale ulipoanzia

Kitovu chenyewe kinahama. Katika karne ya 20 kilielekea upande wa Kanada kwa sentimita 10 hivi kwa mwaka, kisha karibu na mwaka 2000 kikageukia mashariki. Hiyo ni kazi ya ardhi inayoinuka taratibu baada ya barafu ya kale kuyeyuka, ya barafu ya Greenland inayopungua sasa, na ya maji ya visima: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikokotoa kwamba tani trilioni 2.15 za maji yaliyovutwa ardhini kati ya 1993 na 2010 ziliisogeza ncha kwa sentimita 80 hivi. Hewa haina sehemu kubwa hapo. Ondoa mstari huo wa polepole kabla ya kuanza kazi ya mgandamizo.

Dalili: mtu amekuambia mhimili umehama, ndiyo maana Dar kuna joto

Ujumbe wa namna hii huzunguka WhatsApp kila Februari. Misimu hutokana na mwinamo wa digrii 23.4. Kuyumba tunakozungumzia ni sehemu ndogo ya sekunde ya tao. Mita 15 huko Aktiki haziwezi kupasha joto Temeke, na ni wajibu wa anayeelewa kumwambia jirani yake hivyo kwa upole.

Wengine huuliza kuhusu vimbunga. Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, mgandamizo wa katikati ukiwa umeshuka sana. Lakini kilikuwa kidogo kwa eneo, kilidumu siku chache, kilikuwa baharini, na kilikuwa karibu na ikweta. Latitudo na bahari, viwili kati ya vigezo vile vitatu, vinakikataa. Ukali wa hali ya hewa na uwezo wake wa kusukuma mhimili ni mambo mawili tofauti. Anga tulivu ya Januari juu ya Mongolia, bila tone la mvua, ina nguvu zaidi.

Na mwingine atachanganya na urefu wa siku. Huo pia hubadilika kwa sababu ya hewa, kwa sehemu za elfu za sekunde, lakini unaendeshwa hasa na pepo, si na mgandamizo. Ni hesabu nyingine.

Dalili: kila kitu ni sahihi, ila sauti ya hewa ya wiki kwa wiki imezama ndani ya mizunguko mikubwa

Hapa chagua kipindi. Kati ya Novemba 2005 na Februari 2006 mzunguko wa mwaka na wa Chandler ulipingana karibu sawasawa, na ncha ikabaki karibu imesimama. Vitanzi vidogo vikajitokeza, vya sentimita chache chache, vikubwa kabisa vikiwa kama karatasi ya A4. Sébastien Lambert, Christian Bizouard na Véronique Dehant walivichunguza na kuvihusisha na mifumo ya mgandamizo juu ya Asia na kaskazini mwa Ulaya, pamoja na mwitiko wa bahari. Kwa maoni yangu hakuna kipindi bora cha kuanzia kwa mwanafunzi, kwa sababu pale hewa inaonekana kwa macho kwenye mchoro, bila kuhitaji kuchuja chochote kwanza.

Pakua C04 ya miezi hiyo minne, pakua mgandamizo wa uso wa ardhi wa ERA5 wa tarehe hizohizo kwa latitudo 30 hadi 70 kaskazini, na uchore ramani ya mgandamizo kwa kila siku ambayo ncha inakata kona. Kwa mabadiliko ya siku 2 au 3, usitegemee tena kwamba bahari inaipisha hewa, maana maji yanahitaji muda kusogea. Jaribu hesabu mara mbili, bahari ikiwa imenyamaza na bahari ikiwa inahesabiwa kama nchi kavu, na jibu halisi litakuwa katikati. Kona zikiangukia siku sahihi lakini upande wa kinyume, rudi kwenye alama ya y.